Sura ya Saba: Kivuli cha Goli la Pili

Picha ndiyo iliyomtia Venanti mahabusu, na picha yenyewe haikupigwa kwa ajili yake.

Ilipigwa kutoka angani, juu ya kijiji cha Nyamihanga, njia ya kwenda Mabamba, na kijana wa Kasulu aitwaye Brighton mwenye droni yake. Kikundi cha wafuga nyuki wa pale kilimkodi ili wanunuzi wa asali walioko mbali waweze, kwa simu tu, kusimama hewani na kugeuka huku na huku kuutazama msitu ilikotundikwa mizinga. Ukiifungua picha ile, ukasukuma kwa kidole kushoto, unaona shule na kiwanja cha mpira. Kulia unaona barabara. Ukishuka chini unaona mabati ya zahanati, na ukizidi kusukuma unarudi ulikoanzia. Wanakijiji waliipenda mno, kila mtu akawa anatafuta paa lake. Siku ya tatu mmoja wao akaacha kutafuta paa lake akaangalia zahanati, na mbele ya kibanda cha betri akamwona mlinzi Venanti ndani ya koti lake la kijani, mkono ukiwa kwenye kufuli.

Siku ileile iliyopigwa picha, ndani ya kibanda kilekile, zilikuwa zimetoweka betri nne kubwa za umeme wa jua, zile zinazowasha taa ya chumba cha kuzalishia na kuipoza friji ya chanjo. Kufuli halikuvunjwa. Picha ilikuwa na saa yake: saa nne na dakika saba asubuhi. Kidude cha kurekodi joto ndani ya friji nacho kilikuwa na saa yake: umeme ulikatika saa nne na dakika thelathini na tano. Hesabu hiyo haikuhitaji mwalimu. Venanti alikamatwa, na kesho saa tatu asubuhi angepandishwa kizimbani.

Inspekta Asmahani alilifungua jalada na kulifunga mara tatu kabla gari halijafika Nyamihanga.

"Halibadiliki kwa kufunguliwa, afande," alisema Koplo Dionis, akikwepa shimo. "Hilo si andazi kwamba litaumuka."

Tuseme ukweli mapema, maana Asmahani mwenyewe aliusema mapema. Miaka miwili nyuma, akiwa mgeni kabisa katika milima hii, mwanamke wa Pangani asiyejua utelezi wa udongo mwekundu, alianguka na pikipiki ya serikali kwenye mteremko wa Nyamihanga na mguu ukavunjika mahali pawili. Mvua ilikuwa imekata barabara. Wanaume wanne walimlaza juu ya machela ya miti wakambeba kilomita kumi na moja hadi lami, bila mtu wa kuwapokea, wakiimba ili wasisikie uzito. Mmoja wao alikuwa Venanti. Wengine watatu hakuyajua hata majina yao, na kila mwezi alijiambia atakwenda kuwashukuru, na kila mwezi kazi ikamshika.

Ndiyo maana jalada lilipoletwa mezani kwake alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa upelelezi wa wilaya. "Mkuu, mtu huyu nina deni naye la shukrani. Mpe mwingine."

"Mwingine sina," mkuu alijibu. "Shukrani si ushahidi, Asmahani. Wala si kosa. Una mpaka kesho saa tatu."

Muuguzi Maximilla aliwapokea kwenye kibaraza cha zahanati. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye hasira ya mtu aliyezalisha kwa tochi ya simu usiku wa kuamkia siku hiyo.

"Alhamisi niliondoka saa mbili asubuhi na mwenzangu, kwenda kliniki ya mkoba, kuchanja watoto vijiji vya mbali," alisema. "Chanjo nyingine nilizibeba, nyingine niliziacha kwenye friji. Narudi saa kumi jioni, friji moto. Namuuliza Venanti, ananiambia hakuona kitu. Basi nifikirie nini, afande?"

"Funguo za kibanda ziko ngapi?"

"Mbili. Mmoja ninao mimi, mmoja anao mlinzi."

Asmahani alilipima kufuli mkononi. Lilikuwa zima, zito, la shaba. Nyumbani kwake alikuwa nalo la namna hiyohiyo, na alikumbuka lilivyokuja dukani ndani ya kijiboksi chake. "Kufuli hili huuzwa na funguo tatu, Sista."

"Mimi nilikabidhiwa mbili."

Sauti ilitoka nyuma ya kibanda. "Wa tatu alikuwa nao yule mhudumu aliyehamia Buhigwe." Mwenye sauti alijitokeza akipangusa mikono: Moses, fundi wa umeme wa jua mwenye duka Kibondo mjini, aliyeufunga mtambo ule mwaka juzi. Alikuja kupima nafasi ya betri mpya. Toyo lake, pikipiki ya miguu mitatu ya kubebea mizigo, lilisimama getini na ngazi juu yake, ngazi ndefu ya mbao ambayo kipago chake kimoja kilivunjika na mahali pake pakawekwa kipande cha bomba jeupe. "Shikamoo, afande. Nasikitika sana kwa hili. Huyu mzee tumekula naye ugali hapa."

"Marahaba. Alhamisi ulikuwa wapi, fundi?"

"Kasulu, tangu alfajiri. Nilifuata nyaya. Nililala hukohuko."

"Niazime futi yako."

Alimpa bila kuuliza ya nini. Dionis aliambiwa apige simu Buhigwe, amtafute huyo mhudumu, na Asmahani akaenda kuwauliza majirani wa zahanati.

Alimwuliza mama muuza vitumbua, alimwuliza fundi baiskeli, alimwuliza katekista. Wote watatu walimpa kigoda, wote walimwuliza hali ya mguu wake, na wote walimjibu neno moja.

"Venanti hakuondoka getini, hata dakika moja," alisema mama wa vitumbua.

"Hakuondoka getini, hata dakika moja," alisema fundi baiskeli, macho kwenye mnyororo.

"Hata dakika moja," alisema katekista, na akakohoa.

Asmahani alikuwa ameandika maelezo ya mashahidi kwa miaka kumi na minne. Watu walioona jambo kwa macho yao hugombana: huyu atasema koti, yule atasema shati, wa tatu atasema alikuwa amechuchumaa. Watatu wakisema sentensi moja, basi sentensi hiyo imepikwa chungu kimoja. Lakini walioipika waliipika kwa mapenzi, hilo lilionekana, na wala hawakujua kwamba kila aliyeirudia alikuwa anamkaza Venanti kamba. Kama mlinzi hakuondoka, nani mwingine angefungua kibanda bila yeye kuona?

Akavuka kwenda kiwanjani. Alikaa juu ya gogo, akaifungua ile picha kwenye simu, akaanza kuigeuza taratibu: msitu, barabara, zahanati, Venanti na kufuli lake, kiwanja. Aliigeuza hadi kidole kikachoka. Hakuwa akitafuta kitu fulani. Wakati mwingine upelelezi ni kutazama tu hadi kitu kikukere.

Kilichomkera ni magoli.

Goli la upande wa shule lilikuwa na kivuli kirefu, karibu sawa na urefu wa milingoti yake. Goli la upande wa zahanati lilikuwa na kivuli kifupi, nusu ya kile. Alinyanyuka, akapima goli la kwanza kwa futi ya Moses: mita mbili na sentimita arobaini. Akatembea hadi la pili, mguu ukimkumbusha yaliyopita. Mita mbili na sentimita arobaini.

"Yamekatwa mti mmoja, afande," alisema mwalimu mmoja aliyekuwa akimtazama kwa mashaka. "Mkaratusi wa misheni ulioanguka. Niliyapima mimi mwenyewe."

"Na kiwanja hakina mwinamo?"

"Mpira hauviringiki wenyewe."

Asmahani alisimama katikati ya kiwanja. Jua moja, magoli mawili sawa, uwanja tambarare, vivuli viwili tofauti. Alimwita Dionis kwa kupunga futi.

"Washa gari. Tunakwenda Kasulu."

"Kasulu? Afande, kesi iko Nyamihanga."

"Kesi iko ndani ya picha. Anayejua picha yuko Kasulu."

Njiani Dionis alitoa taarifa yake ya Buhigwe. Mhudumu amepatikana. Alhamisi nzima alikuwa zamu, wodi nzima ni shahidi, na ufunguo wa kibanda hakuwahi kuushika. Kwa hiyo ufunguo wa tatu ulikuwa umebaki hewani, na Asmahani aliuandika pembeni ya daftari kwa wino mwekundu.

Studio ya Brighton ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri, karibu na soko la Kasulu. Ukutani palijaa picha za maharusi, na droni ilikuwa mezani imekunja mikono yake minne. Brighton mwenyewe alikuwa na miaka ishirini na sita na hofu ya mtu ambaye hajawahi kutembelewa na polisi.

"Shikamoo mama. Daah, kibali cha kurusha ninacho, kipo hapa, subiri..."

"Kaa, mwanangu. Sijafuata kibali. Nifundishe."

Hakuna kijana wa kazi ya mikono asiyelegea akiambiwa nifundishe. Brighton alivuta pumzi, akawasha kompyuta.

"Ile si picha moja," alisema. "Ni picha ishirini na sita. Droni inapanda mita sitini, inasimama palepale, haisogei. Mstari wa kwanza unapiga nane kuzunguka, kamera ikitazama mbali. Unainamisha kamera, unapiga nane nyingine. Unainamisha tena, nane. Mwisho mbili za chini kabisa. Halafu programu inazishona, inasawazisha rangi, inakuwa duara zima, huoni mshono."

"Na juu? Anga?"

Brighton alijikuna kichwa. "Hapo ndio noma. Kamera yake haiwezi kutazama juu kabisa. Juu linabaki tundu. Kwa hiyo lile anga..." akashusha sauti, "lile anga la juu ni la hapa Kasulu. La Jumapili. Niliazima."

Dionis alicheka kwa nguvu. Asmahani hakucheka. Kwa dakika nzima aliona kesi ikimponyoka: picha yenye anga la kuazima, wakili yeyote ataivuruga, na yeye hatakuwa na cha kumtoa Venanti wala cha kumfunga mwizi. Lakini akili ilirudi mahali pake. Anga la kubandika halitoi kivuli. Vivuli vile vilitoka kwa jua la Nyamihanga.

"Brighton. Mbona magoli haya mawili yana vivuli visivyolingana?"

Kijana aliinama kwenye kioo. Alitazama goli la kwanza, akatazama la pili. Uso wake ulibadilika.

"Nilishuka," alisema.

"Ulishuka wapi?"

"Niliishusha droni katikati ya kazi. Nilikuwa nimemaliza mstari wa kwanza, na wa pili nimepiga tatu. Ya kumi na moja ilipolia tu, nikasikia wimbo. Msiba unapita barabarani, mama. Jeneza mabegani. Na kidege kinanguruma juu yao kama nyuki. Mimi nimelelewa na bibi yangu, Muha wa Heru Juu. Angeniona ningechapwa na umri huu. Nikaishusha, nikavua kofia, nikafuatana nao hadi makaburini. Hata udongo nilitupa. Marehemu simjui, lakini utasimamaje pembeni na rimoti mkononi?"

"Ukarudi saa ngapi?"

"Tuliporudi, watu wote walikuwa wanarudi. Nikabadilisha betri, nikairusha kwenye nukta ileile, maana droni inakumbuka ilipokuwa, nikaendelea na ya kumi na mbili. Nikazishona zote. Saa inayoandikwa kwenye picha kubwa ni ya ile ya kwanza." Aliigusa saa hiyo kwenye kioo. "Hakuna aliyeniuliza. Polisi aliyenipigia aliuliza tu saa ya picha, nikamsomea."

Asmahani alishika ukingo wa meza. "Zile ishirini na sita, moja moja, unazo? Au umefuta?"

Dionis alifumba macho, na yeye si mtu wa sala.

"Huwa nafuta siku hiyohiyo, kadi zangu ni ndogo," alisema Brighton. "Lakini zile nilishindwa. Ya kumi na moja ina jeneza pembeni. Bibi alinikataza kuharibu kitu cha marehemu kabla matanga hayajaanuliwa. Nikanunua kadi nyingine."

"Mungu ampe bibi yako umri mrefu," alisema Asmahani, na alisema kwa moyo wote.

"Ameshafariki, mama."

"Basi ampe raha."

Zilifunguliwa moja moja, kila moja na saa yake chini. Ya kumi na moja: saa nne na dakika kumi na moja. Ya kumi na mbili: saa tano na dakika kumi na tatu. Asmahani alizisoma kwa sauti, akamwambia Dionis aandike, akazisoma tena. Saa nzima na ushee ilikuwa imefichwa ndani ya mshono usioonekana.

"Venanti na kufuli yuko kwenye ipi?"

"Ya kumi na mbili."

Saa tano na dakika kumi na tatu. Umeme ulikatika saa nne na dakika thelathini na tano. Venanti alipoligusa lile kufuli, betri zilikuwa zimeshaondoka kwa zaidi ya nusu saa. Hakuwa akifungua. Alikuwa amerudi kutoka mahali, akakuta kufuli limeachwa wazi, na akafanya kosa la kulifunga.

"Sasa sikiliza," Brighton alisema, maana naye sasa alikuwa ameshikwa na kazi. "Kila picha inalalia jirani yake, theluthi nzima, ili programu ipate pa kushonea. Kwa hiyo kibanda kiko pia pembeni mwa ya kumi na moja. Programu ilikitupa tu, ikachukua kile cha picha ya kumi na mbili."

Alikuza pembe ya picha ya kumi na moja. Saa nne na dakika kumi na moja: mlango wa kibanda umefungwa, mtu hayupo. Getini, mbele kabisa, doa la kijani juu ya kigoda, Venanti amekaa. Barabarani, ukingoni mwa picha, kichwa cha msafara wa msiba. Na nyuma ya uzio, katikati ya mikaratusi, pembe ya turubai la bluu juu ya toyo la mizigo.

"Kuza tena."

Juu ya turubai palilala ngazi. Vipago vyake vilikuwa vya rangi ya mbao, kimoja kimoja, hadi cha nne. Cha tano kilikuwa cheupe.

Dionis alipiga mluzi. Asmahani alimwomba Brighton kadi ile, akamwandikia hati ya kupokea kielelezo, akamwomba aje kesho mahakamani aeleze alivyoeleza sasa, taratibu, pamoja na habari ya anga.

"Hata la anga?"

"Hasa la anga. Ukilitoa wewe mwenyewe, hakuna atakayekunyang'anya mengine. Ahsante, mwanangu. Hujui umemfanyia mtu nini."

Walirudi Kibondo alasiri. Duka la Moses lilikuwa wazi, toyo mlangoni, na fundi mwenyewe alikuwa akimfungashia mteja taa.

"Nimekuletea futi yako," alisema Asmahani.

"Ah, afande, ungebaki nayo tu."

"Kitu cha watu. Na nilitaka kuazima ngazi yako. Au huwa huazimi watu?"

"Ngazi siazimi. Ngazi ndiyo ofisi yangu. Hata mke wangu haigusi."

"Kwa hiyo tangu uitie hiki kipago cheupe, haijatoka mikononi mwako?"

"Hata siku moja."

"Alhamisi ulikwenda nayo Kasulu?"

Moses alianza kusema ndiyo, akasita. Mtu aliyefuata nyaya Kasulu haendi na ngazi. Na kama aliiacha, alimwachia nani? "Ilikuwa hapa dukani," alisema mwishowe.

"Dukani, imefungiwa?"

"Imefungiwa."

"Dionis, andika."

Dionis aliandika. Ndipo Asmahani alipoweka picha ya kumi na moja juu ya meza, iliyochapwa kwa rangi katika studio ya maharusi, akaweka na kidole chini ya kipago cheupe. Moses aliitazama picha, akamtazama mteja wake wa taa, kana kwamba huyo angemtetea. Mteja aliweka taa chini akaondoka.

"Ulijua Sista yuko kliniki ya mkoba," alisema Asmahani. "Ulijua kuna maziko, na kwamba kijiji kizima kitakwenda. Ukangoja nyuma ya miti. Msiba ulipopita, ukaingia kwa ufunguo wa tatu, ule uliobaki na wewe siku ulipofunga mtambo. Betri ziko wapi?"

Zilikuwa nyuma ya duka, chini ya magunia ya maharage, namba zake zimekwanguliwa kwa msasa. Moja haikukwanguliwa vizuri. Dionis alizihesabu mara mbili, nne, na alipotoka nazo jasho lilikuwa likimtiririka na tabasamu limemjaa uso.

Jua lilikuwa bado juu ya vilima Asmahani alipomtoa Venanti mahabusu na kumkalisha ofisini, mlango wazi, chai mbele yake. Mlinzi alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mabega mapana, mikono isiyojua pa kukaa. Asmahani alimweleza yote: betri, Moses, picha ishirini na sita. Alimweleza kwamba mkuu ameshasaini aachiwe, na kesho kizimbani atapanda mwingine.

Venanti alifunika uso kwa viganja. "Murakoze, mama," alishukuru kwa lugha ya kwao. "Murakoze cane. Mungu akurudishie."

"Sasa niambie wewe. Mbona ulisema hukuondoka getini? Kijiji kizima kikakusaidia kusema. Ungesema ulikuwa mazikoni, tungekuwa tumemaliza siku ileile."

"Mlinzi aliyeacha lindo anafukuzwa, mama. Watu walijua hilo, wakanionea huruma." Aliitazama chai. "Lakini si hilo tu. Ningesema niliondoka, mngeniuliza kwa ajili ya nani. Ningemtaja marehemu hapa kituoni, aandikwe kwenye jalada la wizi. Mtu tumemzika asubuhi, jioni nimshitaki? Haiwezekani."

"Marehemu alikuwa nani?"

"Mzee Ndayisenga. Wa machela."

Asmahani aliiacha kalamu.

"Wewe ulikuwa umefunga macho kwa maumivu, hukutuona vizuri," alisema Venanti. "Yeye alikuwa mbele, kushoto, upande wa mguu wako mbovu. Ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Kwetu, mama, watu wa machela moja hubebana. Mmoja akifa, waliobaki humpeleka, hawamwachii mtu baki. Tulikuwa wanne. Yeye akiwa ndani ya jeneza, tumebaki watatu. Wametokea pale barabarani, wawili mbele, nyuma wamemshikiza mtoto wake, na bega langu liko wazi." Alipandisha mabega yake makubwa, akayashusha. "Ningekaaje getini?"

Asmahani alitaka kusema neno la kiofisi, akaliacha. Aliivuta ile picha ya kumi na moja akaitazama tena, ukingoni kabisa, mahali ambapo hakupatilia maanani kule Kasulu kwa haraka ya ngazi. Jeneza lilionekana zima, waliolifuata wamekatwa na fremu. Mahali pa bega la nyuma, kushoto, palikuwa patupu.

Kilomita kumi na moja. Miaka miwili ya kusema nitakwenda mwezi ujao. Na mzee yule, hata akiwa maiti, alikuwa amepita barabarani kwa wakati wake, akamshusha kijana na kidege chake, akaacha ndani ya picha ile saa moja iliyomwokoa mwenzake.

"Kuhusu kazi yako," alisema, "nimezungumza na Sista Maximilla kwa simu. Nimemwambia ulikuwa wapi. Amelia, halafu akaniambia nikwambie zamu yako ni kesho saa kumi na mbili asubuhi, usichelewe."

Venanti alicheka huku machozi yakimtoka. Alimaliza chai yake, akasimama, akauliza kama anaruhusiwa kwenda.

"Unaruhusiwa. Gari linakupeleka." Asmahani alichukua kilemba chake kwenye kiti na mkongojo wake nyuma ya mlango, ule ambao hakuutumia siku hizi isipokuwa kwa njia za milima. "Na mimi nakwenda na wewe. Nionyeshe nyumba ya mjane kwanza, halafu kaburi."

"Kwa ajili ya maelezo, mama?"

"Hapana," alisema Inspekta Asmahani. "Sikuwahi kumwambia ahsante."